Kelele za vipaza sauti si uamsho

NDUGU msomaji, ukitaka kujua kama Wakenya ni watu wa dini, panda matatu Jumapili asubuhi uende hadi mtaa wa Pipeline, Embakasi Kusini, hapa Nairobi. Shuka kando ya barabara ya Outer Ring, uingie ndani kwa miguu. Hutakwenda mbali kabla hujasikia ibada ya kwanza. Katika chumba cha chini cha jumba la orofa saba watu wanaimba mapambio. Katika orofa ya pili ya jumba linalofuata mhubiri anakemea mapepo. Ng'ambo ya kichochoro hema limejaa pomoni, na vipaza sauti vyake vinashindana na vya hema la jirani hadi mpita njia hajui ni mahubiri ya nani anayoyasikia. Usiku wa kuamkia siku hiyo huenda palikuwa na kesha, na jioni patakuwa na maombi mengine.

Hili si jambo la kucheka. Wakazi wa Pipeline ni watu wa jasho. Alfajiri utawaona wakifuatana kama siafu kuelekea viwandani, wengine wakiwahi vibarua vya mjengo, wengine wakiwahi sokoni. Wengi wanalea familia katika chumba kimoja, wakinunua maji kwa mitungi na kuyapandisha ngazi hadi orofa ya sita. Mtu wa namna hiyo anapoitoa siku yake ya pekee ya kupumzika akaipeleka mbele za Mungu, hakuna mwenye haki ya kumdharau. Tena hayuko peke yake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, zaidi ya Wakenya 85 katika kila 100 walijitaja kuwa Wakristo.

Hata hivyo, maadamu safu hii ni ya kuambiana ukweli, kuna swali ambalo hatuna budi kuliuliza. Ikiwa tunaomba kiasi hiki, mbona Jumatatu inafanana sana na siku za wasiomjua Mungu? Mbona mizani ya muuza nyama bado inamuibia mama aliyekaa naye benchi moja kanisani jana? Mbona mwenye ploti aliyeinua mikono akilia wakati wa sifa anamfungia mpangaji mlango kwa kodi iliyochelewa siku nne, ilhali anajua mtoto wa mpangaji huyo yuko hospitalini? Mbona mhazini wa chama cha akina mama, ambaye ni mzee wa kanisa, hataki kuonyesha daftari? Na mbona baba anayeongoza maombi ya wanaume hajazungumza na mkewe kwa upole tangu Krismasi?

Jibu la haraka ni kwamba hao si Wakristo wa kweli. Jibu hilo ni rahisi mno, na kila mmoja wetu hulitumia kwa mwenzake. Ukweli ni kwamba wengi wetu tunaamini, lakini tunaamini kwa nusu ya moyo. Tumempa Mungu sauti, tukamnyima mfuko. Tumempa Jumapili, tukabaki na siku sita. Mwenye kushika mawili, moja humponyoka, na kwa kawaida linaloponyoka huwa ni lile tusiloliona kwa macho.

Siku hizi neno uamsho limebandikwa kwenye mabango ya kila mkutano wa injili. Lakini uamsho ni kitu gani hasa? Si lazima twende Ulaya au Marekani kutafuta jibu. Afrika Mashariki imewahi kuamka, na habari zake zinajulikana vyema.

Moto ulioanzia Gahini

Mwaka 1928 daktari kijana kutoka Uingereza, Joe Church, alifika Gahini, mashariki mwa Rwanda, kufanya kazi katika hospitali ya misheni ya Kianglikana. Wakati huo njaa kubwa ilikuwa ikiangamiza watu nchini humo. Daktari alihangaika na wagonjwa na wenye njaa hadi nguvu zikamwishia, na imani yake ikawa kama kuni mbichi, moshi mwingi na moto hakuna.

Septemba 1929 alikuwa Kampala, na katika kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na elimu na aliyewahi kushika cheo katika idara ya afya ya serikali ya Buganda. Wote wawili walikuwa na kiu moja. Waliketi pamoja siku mbili, wakisoma Biblia na kuomba. Kumbuka, msomaji, ulikuwa wakati wa ukoloni, na haikuwa kawaida Mzungu na Mwafrika kuketi hivyo, kila mmoja akikiri mbele ya mwenzake kwamba ni mhitaji.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Pamoja na wenzake walianza kuomba mapema asubuhi na kuambiana makosa bila kuficha. Katika mkutano wa Desemba 1933 pale Gahini, watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine kuungama dhambi zao. Mwaka 1935 moto ulikuwa umevuka mpaka na kufika Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda.

Januari 1936 Kigozi alifariki kwa homa huko Kampala, akiwa bado kijana, siku chache tu kabla ya wakati aliotarajia kuwaeleza viongozi wa kanisa lake kuhusu ubaridi aliouona miongoni mwa wachungaji na waumini. Lakini neno aliloliacha halikuzikwa naye. Lilikuwa neno moja la Kiganda, Zukuka, maana yake amka. Mwaka uliofuata, wakati Kanisa la Uganda lilipokuwa likiadhimisha miaka 60 tangu wamisionari wa kwanza wafike mwaka 1877, wito huo wa kuamka ndio uliohubiriwa huku na huko.

Mwaka huo huo wa 1937 kikundi cha ndugu hao kilifika Kabete, karibu kabisa na Nairobi. Mwaka 1938 kulikuwa na mkutano Kahuhia, Murang'a. Kufikia 1949, waliokusanyika Kabete walihesabiwa kwa maelfu. Uganda waliitwa Balokole, Tanganyika wakaitwa walokole, na maana yake ni waliookoka. Huku kwetu walisalimiana kwa lile pambio la Kiganda, Tukutendereza, na hadi leo kuna watu wanaouita uamsho huo wote kwa jina hilo.

Toba inayolipa

Sasa angalia mambo ambayo watu hao hawakufanya. Hawakujenga kanisa jipya na kuliandika ubaoni jina la mwanzilishi. Waliobatizwa Anglikana walibaki Anglikana, na Wapresbiteri na Wamethodisti vivyo hivyo, wakikutana kwa ushirika wao mara moja kwa juma bila kujali dhehebu. Hawakuwa na nabii mkuu aliyeketi peke yake juu ya wote, maana mambo yao yaliongozwa na kikundi. Na wengi wao walikuwa watu wa kawaida tu, wakulima, walimu wa shule za vijijini, wauguzi na wapishi.

Walichokifanya ni kitu ambacho hakipendezi hata kidogo. Walirudisha vitu. Mtu aliyekuwa ameiba blanketi za hospitali alizibeba hadi hospitalini mchana, watu wakimwona. Aliyekuwa ameficha pesa za tajiri wake alimwendea akazitoa. Aliyekuwa na deni la zamani alilokuwa amelikana, alilikubali na kuanza kulilipa. Mume aliyekuwa na siri alimwambia mkewe. Mwalimu aliyewanyanyasa wanafunzi aliwaomba radhi. Hali hiyo waliiita kutembea nuruni, yaani kuishi bila chumba cha giza ndani ya nyumba.

Msomaji wa Biblia hatashangaa. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani kwake hakuanza kunena kwa lugha. Alianza kupiga hesabu, na aliyemdhulumu akaahidi kumrudishia mara nne. Nabii Amosi alipowakemea watu wa siku zake, hawakuwa wapagani. Walikuwa washika sabato waliokuwa wakiingoja iishe haraka ili wafungue maduka yao, wapunguze kipimo na kuongeza bei. Naye Nehemia, alipokuwa akijenga ukuta wa Yerusalemu, alisimamisha shughuli akawaita matajiri na kuwaamuru warudishe mashamba, nyumba na riba walizowatoza ndugu zao maskini wakati wa njaa. Katika vitabu hivyo vyote, Mungu anapowaamsha watu, kitu cha kwanza kuonekana ni mali ikirudi kwa mwenyewe.

Hebu tupeleke kipimo hicho Pipeline. Tuseme mwenye ploti mmoja ameamka kweli. Ataketi chini na daftari lake na kukumbuka wapangaji waliohama akawanyima amana yao, akisingizia rangi ya ukuta na kitasa kilichovunjika, huku akijua kitasa kilikuwa kimevunjika kabla hawajaingia. Atawatafuta kwa simu, na atawatumia pesa zao kwa M-Pesa. Tuseme muuza nyama ameamka. Hatahitaji kuweka picha ya Yesu ukutani, atarekebisha mizani. Tuseme mhazini wa chama ameamka. Atapeleka daftari mkutanoni kabla halijaulizwa, na pale palipo na pengo atasema ni la nani. Na mfanyakazi wa kiwandani akiamka, ataacha kumwomba mwenzake amsainie kazini ilhali yeye amelala nyumbani.

Siku mambo hayo yatakapoanza kutokea orofa kwa orofa, hatutahitaji bango la kutangaza uamsho. Wapangaji wenyewe watatangaza, hata wale wasioingia kanisani. Nyota njema huonekana asubuhi, na imani njema huonekana Jumatatu.

Siku ya kujaribiwa

Huenda mtu akasema kurudisha blanketi ni jambo dogo. Ni dogo kweli, lakini aliyejizoeza kusema kweli katika dogo alikuwa tayari siku kubwa ilipofika.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Katika eneo la Kati, ndugu wa uamsho walijikuta kati ya nyundo na fuawe. Wapiganaji wa msituni waliwataka wale kiapo, nao wakakataa, wakisema wameshakula meza ya Bwana na hawawezi kula viapo viwili. Serikali nayo ilitaka wachukue bunduki wawe walinzi wa nyumbani, na wengi wao wakakataa hilo pia, wakisema hawawezi kumuua mtu ambaye Kristo alimfia. Kwa hivyo pande zote mbili ziliwashuku. Baadhi yao waliuawa.

Mtu anaweza kubishana juu ya siasa za wakati ule, na wazee wetu bado wanabishana, kwa kuwa vita vile vilikuwa vya kudai ardhi na uhuru, na madai hayo yalikuwa ya haki. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba watu wale walikuwa na imani ya nusu. Viapo viliporejea eneo hilo mwaka 1969, ni makanisa yaliyosimama wazi kuyapinga mambo hayo, na baadhi ya waumini walipigwa kwa sababu walikataa.

Uganda nako yalitokea kama hayo. Janani Luwum, aliyeokoka Januari 1948 kwa mahubiri ya ndugu hao, alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda. Aliukemea utawala wa Idi Amin kwa mauaji yake, na tarehe 16 Februari 1977 yeye mwenyewe akauawa. Mwenzake, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtu wa uamsho vilevile, alitoroka nchi kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Mwaka huo huo alichapisha kitabu ambacho kichwa chake kilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hakuwa akiusifu udhalimu. Alikuwa amegundua kwamba chuki ilikuwa imeanza kumla yeye mwenyewe, na akaona hawezi kuhubiri msamaha asioutoa.

Hapo ndipo unapoona tofauti kati ya moyo mzima na moyo nusu. Moyo nusu huuliza imani itanipa nini. Moyo mzima unajua kwamba siku moja imani itadai kitu, na umeshakubali kukitoa.

Onyo la 1994

Ndugu msomaji, ningetamani kuishia hapo, lakini habari hii ina ukurasa mwingine ambao wahubiri wengi hawapendi kuufungua.

Rwanda, nchi ile ile ambako moto uliwashwa, ndiyo nchi iliyoshuhudia mauaji ya kimbari ya 1994. Kwa muda wa siku 100 hivi, watu wapatao 800,000 waliuawa, wengi wao wakiwa Watutsi. Ilikuwa nchi ya Wakristo. Watu walikimbilia makanisani, kama pale Nyamata na Ntarama, wakiamini kwamba hakuna mtu atakayewafuata mbele ya madhabahu. Waliuawa humo humo. Wauaji wengi na waliouawa wengi walikuwa wamebatizwa kwa maji yale yale.

Walikuwako pia Wakristo waliowaficha majirani na wengine waliokufa kwa kukataa kuua. Tusiwasahau hao. Lakini hatuwezi kukwepa somo lenyewe. Uamsho haurithiwi kama shamba. Babu akiamka, mjukuu anaweza kulala. Miaka ilivyopita, makundi ya waliookoka katika nchi zetu yalianza kuvutana juu ya mambo ya nje, mavazi ya wanawake, mikopo, nani ameokoka zaidi, huku chuki ya kabila ikibaki ndani kama jiwe chini ya maji. Watu walijifunza kuungama uvutaji wa sigara na unywaji wa pombe, lakini hawakujifunza kuungama dharau waliyokuwa nayo kwa kabila la jirani.

Na kabla hatujawanyoshea Wanyarwanda kidole, tukumbuke nyumbani. Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozua utata, kanisa lilichomwa moto Kiambaa, karibu na Eldoret, likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Katika ghasia za majuma yale, Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa. Waliochoma na waliochomwa walijua kuimba nyimbo zile zile.

Pipeline ni mahali pazuri pa kujipima kwa jambo hili. Ngazi moja inapandwa na Mkamba, Mluhya, Mkisii, Mjaluo, Mkikuyu na wengine wengi. Wanachota maji mfereji mmoja na kuanika nguo kamba moja. Lakini kila miaka mitano, uchaguzi ukikaribia, mazungumzo ya ngazini hupungua, na kila mtu huanza kusalimia kwa lugha ya mama. Ikiwa kanisa lako lina kabila moja tu, mtaa ukiwa na makabila yote, jiulize ni Roho yupi aliyelichagua kundi hilo. Na ikiwa mchungaji wako huhubiri juu ya mapepo ya ukoo lakini hajawahi kutaja chuki ya kabila kuwa dhambi, basi kuna mlango mmoja wa nyumba ambao haujafagiliwa.

Moyo wote, na akili pia

Kuna kosa lingine, nalo liko upande wa pili. Mtu akisikia habari za kujitoa kwa moyo wote, anaweza kudhani maana yake ni kumkabidhi mhubiri maisha yake, asiulize chochote. Mwaka 2023 Wakenya tulishtuka habari za msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, zilipojulikana. Watu walikuwa wameambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ikiwemo ya watoto wengi ambao hawakuchagua lolote.

Wale watu hawakukosa bidii. Waliuza mali, wakaacha kazi, wakawatoa watoto shule. Bidii yao ilikuwa kubwa kuliko ya wengi wetu. Kilichokosekana ni kile ambacho amri kuu yenyewe inakitaja waziwazi, kwamba Mungu apendwe kwa moyo, kwa roho, kwa nguvu na kwa akili. Akili haikuachwa nje ya mlango. Watu wa Beroya walisifiwa kwa sababu walimsikiliza mtume Paulo mwenyewe, kisha wakaenda kuyachunguza maandiko waone kama anayosema ni kweli. Ikiwa Paulo alichunguzwa, mchungaji wa kichochoro chako ni nani hata asichunguzwe?

Tazama tena Gahini. Uamsho ule ulilelewa hospitalini. Joe Church aliomba kwa bidii, na baada ya kuomba alivaa koti lake akaenda kuwatibu wagonjwa. Hakuona ugomvi kati ya dawa na sala. Kwa hivyo mtu akikwambia uache dawa za shinikizo la damu, za kisukari au za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi ili uthibitishe imani yako, mkimbie. Akikwambia umtoe mtoto shuleni, mkimbie. Akikwambia usiwasalimie ndugu zako wasiosali naye, mkimbie. Na akikwambia utoe pesa za kodi kama mbegu ili upate nyumba ya bure, muulize kwa adabu kama yeye yuko tayari kutoa kwanza gari lake kwa ajili ya mjane wa orofa ya tano, kisha mvune pamoja.

Sisemi sadaka ni vibaya. Kanisa halijengwi kwa mate. Lakini mama anayetoa shilingi 3,000 za kodi kwa sababu ameogopeshwa, kisha akalala nje na watoto, hajamtolea Mungu. Ameibiwa mbele ya watu, tena huku akipigiwa makofi.

Tuanzie wapi?

Pengine unasema, mwandishi umesema mengi, mimi ni mtu mmoja na chumba changu kimoja, nianzie wapi? Anzia humo chumbani. Nsibambi na Church walikuwa watu wawili tu, na hawakuwa na kipaza sauti.

Kwanza, chukua jioni moja juma hili, uzime simu na redio, uketi kimya mbele za Mungu. Si rahisi Pipeline, najua, kwa kuwa kelele haziishi. Lakini hata nusu saa kabla watoto hawajaamka inatosha. Usiombe kitu. Uliza tu swali moja, kama kuna mtu niliyemdhulumu, na usubiri. Jina litakuja. Mara nyingi ndilo lile ambalo umekuwa ukilikwepa.

Pili, mwendee mtu huyo. Usimtumie ujumbe wa maneno ya Biblia. Kama ni pesa, nenda na pesa, au kama huna zote, nenda na kidogo na ahadi ya tarehe. Kama ni neno baya, liondoe kwa neno zuri. Usiungame dhambi za mwenzako ukijifanya unaungama zako, na usimwage siri ya nyumba mbele ya watu wasiohusika. Ndugu wa zamani walijifunza hilo kwa uchungu, kwamba kuna maungamo ya madhabahuni, na kuna maungamo ya watu wawili jikoni.

Tatu, baba na mama, watoto wawasikie mkiomba msamaha. Mtoto wa Pipeline anawaona wazazi wake wakati wote, hakuna chumba cha kujificha. Anajua nani alimpigia nani kelele jana usiku. Baba akisema mbele yake, "Mama watoto, jana nilikukosea, nisamehe," mtoto huyo atakuwa amehubiriwa kuliko mahubiri ya mwaka mzima.

Nne, tafuta watu watatu au wanne, ikiwezekana wa makabila tofauti, mkutane mara moja kwa juma katika chumba cha mmoja wenu. Someni, ombeni, ambianeni kweli. Chai ya rangi inatosha. Kusiwe na mwenye cheo.

Tano, kanisa lako limpende jirani kwa masikio yake. Tangu 2009 tuna kanuni za kitaifa za kuzuia kelele, lakini Mkristo hapaswi kungoja kanuni. Nyuma ya ukuta wa kanisa kuna kijana aliyetoka zamu ya usiku kiwandani na anatafuta usingizi wa saa tano. Kuna mama aliyejifungua juzi. Huenda kupunguza sauti ya kipaza sauti kukawa ndiyo injili ya kwanza watakayoielewa.

Hutasikia mambo haya yakitangazwa kwenye mkutano wa hadhara, kwa kuwa hayana mvuto. Mtu hawezi kuuza kaseti wala video ya fundi aliyerudisha misumari. Lakini ndiyo mambo yaliyoifanya Afrika Mashariki ijue, katika miaka ile ya 1930, kwamba kuna kitu kimetokea. Majirani wasioamini waliona vitu vyao vikirudi, wakauliza kulikoni.

Kwa hivyo, ndugu yangu, dada yangu, ibada ya leo ikiisha, usiulize kama mhubiri alikuwa moto. Hilo litajulikana lenyewe. Angalia kesho kama mizani imerekebishwa, kama amana ya mpangaji imerudishwa, kama daftari la chama limefunguliwa. Na kama hakuna yeyote aliyeanza, basi jina la kwanza kwenye orodha ni lako na langu.

Jumapili njema.